Jefferson Burdick na Karatasi Zilizotupwa

Kuna watu ambao sifa zao zimeandikwa juu ya majengo na madaraja, kila apitaye akaziona. Kuna na wengine ambao sifa zao zimo ndani ya makabati, na hazijulikani ila na yule aliyekwenda kuzitafuta. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mmoja wa watu wa namna hiyo ya pili, naye ni Jefferson Burdick wa Marekani, aliyefariki dunia mwaka 1963. Hakupata kushika cheo wala kumiliki mali. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, mgonjwa wa miaka mingi, asiye na mke wala mtoto. Lakini leo hii, popote wanapokutana watu wenye kukusanya kadi za kale zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigareti, jina lake hutajwa kwa heshima kama jina la mwalimu wa kwanza.

Pengine msomaji atauliza: yatuhusu nini sisi watu wa visiwani kadi za mchezo wa besiboli, mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona ukichezwa? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya kuweka kalamu chini. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Burdick alizaliwa mwaka 1900 katika mji mdogo wa Central Square, jimbo la New York, mahali pa wakulima. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Syracuse, mji usio mbali na kwao, akamaliza masomo yake mwaka 1922. Baadaye aliajiriwa na kiwanda cha Crouse-Hinds katika mji huo huo, kiwanda cha vifaa vya umeme, na kazi yake ilikuwa kuunganisha kwa mikono sehemu ndogo ndogo za vifaa hivyo. Kazi ya namna hiyo yataka jicho kali na vidole vyenye utii. Jicho lake lilidumu kuwa kali hadi mwisho. Vidole, kama tutakavyoona, vilimsaliti mapema.

Ili kufahamu alichokifanya, ni lazima tueleze kadi hizi zilikuwa kitu gani. Katika karne ya kumi na tisa sigareti ziliuzwa ndani ya pakiti laini za karatasi, nazo zilivunjika upesi mfukoni. Wenye viwanda wakatia ndani ya pakiti kipande cha kadi ngumu ili kuzikinga. Punde si punde wakagundua kwamba kadi hiyo ikiwa na picha nzuri, mnunuzi atarudi kununua pakiti ya pili na ya tatu ili apate picha nyingine. Hapo zikaanza kuchapishwa picha za kila kitu: waigizaji wa kike, ndege, bendera za mataifa, machifu wa Wahindi Wekundu, na wachezaji wa besiboli. Kati ya mwaka 1886 na 1890 kampuni ya Goodwin ya New York, katika sigareti zake za Old Judge, ilitoa picha za kamera za wachezaji, kila moja ikiwa imebandikwa juu ya kadi.

Mwaka 1890 tajiri James Duke aliziunganisha kampuni kubwa za tumbaku zikawa kampuni moja, American Tobacco Company. Kwa kuwa mashindano yalikuwa yamekwisha, kadi nazo zikapungua, maana hakuna aliyehitaji tena kumvuta mnunuzi. Zilirudi kwa wingi mwaka 1909, biashara ilipochangamka upya. Kuanzia mwaka huo hadi 1911 kampuni hiyo ilitoa mfululizo mashuhuri kupita yote, wa wachezaji wa besiboli, wenye aina 524 za picha. Kadi zenyewe zilikuwa ndogo, karibu sentimita 3.7 kwa upana na 6.7 kwa urefu, na mgongoni zilibeba matangazo ya chapa 16 za tumbaku, kama vile Piedmont, Sweet Caporal, Sovereign na Polar Bear. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kampuni hiyo kubwa ivunjwe, kwa kuwa ilikuwa imehodhi biashara yote.

Mwaka 1910 Burdick alikuwa mtoto wa miaka kumi. Ndio umri wa mtoto kupenda vitu vya namna hii. Watoto wa siku zile walisimama mbele ya maduka wakiwaomba wavutaji wawape kadi, na nyumbani waliwasihi baba zao wabadilishe chapa ya tumbaku ili picha mpya ipatikane. Walizichezea, walizitia mifukoni, walizibandika katika madaftari, na walipokua wakazisahau. Mama wa nyumba alipofagia, kadi zikaenda pamoja na taka. Zilizosalimika majumbani zilikutana na Vita Vikuu vya Pili, wakati karatasi za kila namna zilipokusanywa kwa ajili ya mahitaji ya vita. Ndivyo kitu kilichochapishwa kwa mamilioni kinavyogeuka kuwa adimu.

Burdick hakuzisahau zake. Alipokuwa katika miaka yake ya thelathini alipatwa na ugonjwa wa baridi yabisi, ukamshika katika viungo vyote, na ukawa unazidi mwaka hadi mwaka. Mtu mwingine angejifungia na maumivu yake. Yeye alipotoka kazini alikaa mezani, akafungua barua za wakusanyaji wenzake waliotawanyika katika majimbo mbali mbali, akabadilishana nao kadi, na akaanza kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu: ni kadi gani hasa zilizopata kutolewa, na nani, na lini, na ngapi?

Hapana budi tuseme wazi kwamba wakati ule hapakuwa na kitabu hata kimoja cha kumwongoza mtu Marekani. Kadi zenyewe mara nyingi hazikuandikwa mwaka. Wakusanyaji wawili wangeweza kuandikiana barua mwezi mzima wasijue kama wanazungumza juu ya kadi zile zile. Katikati ya miaka ya thelathini Burdick alianza kuandika makala katika magazeti ya wakusanyaji. Mwaka 1937 alianzisha jarida lake dogo la wakusanyaji wa kadi, na mwaka 1939 akatoa orodha yake ya kwanza. Orodha hiyo aliipanua na kuipa jina la American Card Catalog, ikachapishwa mwaka 1946, kisha 1953, kisha 1960.

Utaratibu alioubuni ulikuwa mwepesi kufahamika, na ndiyo sababu umedumu. Kadi za tumbaku za karne ya kumi na tisa alizipa herufi N. Kadi za tumbaku za karne ya ishirini alizipa herufi T. Zile za peremende za zamani alizipa E, na zile za baadaye zilizouzwa na ubani wa kutafuna alizipa R. Baada ya herufi ikafuata namba. Kwa hiyo ule mfululizo wa mwaka 1909 hadi 1911 tuliokwisha kuutaja ukawa T206, na hadi leo dunia nzima ya wakusanyaji inauita hivyo. Mtoto aliyezaliwa juzi akinunua kadi ya T206, anatumia lugha aliyoitunga fundi mgonjwa wa Syracuse baada ya saa za kazi.

Yafaa kukumbukwa kwamba Burdick hakuyafanya haya kwa kupenda besiboli. Wanaosimulia habari zake husema mchezo wenyewe haukumshughulisha sana. Alikusanya vile vile kadi za posta, kadi za matangazo ya maduka, picha za maua na wanyama, na hata vikanda vya karatasi vilivyovishwa biri za kizungu. Aliona kwamba katika vipande hivi vimechorwa namna watu wa kawaida walivyovaa, walivyocheka, walivyosafiri na walivyochezea, na kwamba hakuna mwanahistoria atakayeyapata hayo katika nyaraka za bunge.

Katika mfululizo wa T206 imo kadi moja ambayo hatuwezi kuiruka. Ni ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh, aliyezaliwa mwaka 1874 na kufa mwaka 1955, mmoja wa wachezaji watano wa kwanza kuchaguliwa mwaka 1936 kuingia katika Jumba la Heshima la besiboli. Wagner alikataa picha yake isitolewe na tumbaku, uchapaji ukasimamishwa, na zikabaki kadi chache mno. Wako wasemao alikataa kwa kuwa hakupenda watoto wavutwe kwenye tumbaku kwa ajili yake, na wako wasemao alitaka alipwe. Iwavyo iwavyo, zinazojulikana leo hazizidi sana hamsini. Katika orodha yake Burdick aliipa thamani ya dola 50, ilhali kadi za kawaida za mfululizo huo huo alizithamini kwa senti. Kwa siku zile dola 50 zilikuwa fedha nyingi kwa kipande cha karatasi. Mwaka 2022 kadi moja ya Wagner iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Fedha za namna hiyo zilipoingia, kazi ya kupima hali ya kadi ikawa elimu yenye wataalamu wake. Yafaa tuieleze kidogo, kwani ndani yake mna adabu inayofaa kwa kila mwenye kutunza karatasi za kale.

Mpimaji huanza na pembe nne. Pembe ikiwa kali, kadi haikushikwa sana; ikiwa imeviringa au imefumuka kama uzi, imepita katika mikono mingi. Kisha hutazama kingo, kama zimechubuka au zimemeguka. Hutazama kama picha imekaa katikati, maana kadi nyingi zilikatwa vibaya kiwandani tangu mwanzo, ukingo mweupe wa upande mmoja ukawa mpana na wa pili mwembamba. Huiinamisha kadi chini ya taa, mwanga uipitie kwa ubavu, ili mikunjo iliyolainishwa na mikwaruzo ionekane. Halafu huigeuza. Mgongoni ndiko kwenye ushahidi mwingi: alama za gundi, karatasi iliyobanduka, jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli. Kadi za Polar Bear aghalabu zina madoa ya rangi ya kahawia, kwa sababu zilikaa pamoja na tumbaku iliyosagwa. Baada ya yote hayo kadi hupewa daraja, kuanzia moja hadi kumi.

Lakini kabla ya daraja liko swali kubwa zaidi, nalo ni kama kadi ni ya kweli. Kadi ya asili ilichapishwa kwa jiwe na wino wa rangi mbali mbali, moja juu ya nyingine. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, mistari ya herufi utaiona imejaa wino, imara na bila kukatika. Nakala za siku hizi zimefanywa kwa vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu, na hata herufi zake mara nyingi hugawanyika vitone. Tena karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya katikati ya karne ya ishirini zimetiwa dawa ya kuzing'arisha, na dawa hiyo huwaka weupe wa samawati chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno. Karatasi ya mwaka 1910 haina dawa hiyo. Rula nayo ni shahidi. Kadi iliyopungua upana yaweza kuwa imekatwa kingo zake zilizochakaa ili ionekane mpya. Lakini hapa mpimaji hupaswa kujua historia pia, kwa kuwa kadi zenye tangazo la American Beauty mgongoni zilitoka kiwandani zikiwa nyembamba kidogo kuliko wenzake. Asiyejua hilo atamwita mwizi mtu asiye na hatia.

Hadaa kubwa kuliko zote katika biashara hii ilihusu kadi ya Wagner yenyewe. Iko moja ambayo mwaka 1991 iliuzwa mnadani kwa dola 451,000, na mmoja wa wanunuzi alikuwa mchezaji mashuhuri wa mpira wa barafuni, Wayne Gretzky. Mwaka huo huo ilikuwa kadi ya kwanza kupimwa na kampuni ya PSA, ikapewa daraja la nane, daraja ambalo hakuna Wagner mwingine aliyelikaribia. Ilipouzwa tena mwaka 2007 bei yake ilikuwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mfanya minada mmoja mkubwa, ambaye kadi hiyo ilikuwa imepita mikononi mwake kabla ya kuwa maarufu, alikiri mbele ya sheria kwamba alizikata kingo zake. Kadi iliyosifiwa miaka ishirini kwa uzuri wa pembe zake, pembe hizo ilizipata kwa kukatwa. Na ile ya mwaka 2022, iliyovuka dola milioni saba, daraja lake lilikuwa la pili tu: imechakaa, imekunjika, lakini hakuna aliyekuwa ameidanganyia umri wake.

Turudi sasa kwa Burdick, ambaye yote haya hakuyaona. Ilipofika mwaka 1947 ugonjwa ulikuwa umemlemea, naye alijiuliza swali linalomkabili kila mkusanyaji: nikiondoka, hivi vitakwenda wapi? Angeweza kuviuza kimoja kimoja, kisha akatumia fedha kujipatia matibabu na raha. Alichofanya ni kuliandikia Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York, akaahidi kulipa kila kitu bure. Hili ni jumba lenye michoro ya mabingwa wa Ulaya na sanamu za Misri ya kale. Mtu angetarajia kwamba barua ya fundi wa kiwandani, inayohusu picha zilizotoka katika pakiti za sigareti, ingejibiwa kwa mistari miwili ya kushukuru na kukataa.

Haikuwa hivyo. Mkuu wa idara ya michoro ya chapa alikuwa A. Hyatt Mayor, mtu aliyekuwa na maoni kwamba picha rahisi iliyochapishwa kwa maelfu nayo ni sehemu ya historia ya uchapaji. Alikubali, kwa sharti moja: kwamba Burdick mwenyewe azipange, kwa kuwa hakuna mwingine duniani aliyejua kila kadi ni ya wapi. Burdick alilikubali sharti hilo, na sharti hilo likawa kazi ya miaka yake yote iliyobaki.

Kwa miaka mingi alizipanga kadi huko Syracuse na kuzipeleka New York kidogo kidogo. Mwaka 1959 maradhi yalimlazimisha kuacha kazi kiwandani. Akahamia New York, akapanga nyumba jirani na makumbusho, na akapewa meza katika chumba cha michoro ya chapa. Huko alikwenda siku baada ya siku. Vidole vilikuwa vimepindika, mgongo umeinama, na kuvaa koti peke yake kulikuwa shida. Alichukua kadi, akaitazama, akaitia gundi, akaibandika mahali pake katika albamu, kisha akachukua nyingine. Zilikuwa zaidi ya 300,000, na kati yake zaidi ya 30,000 zilikuwa za besiboli.

Wako leo wapimaji wanaotikisa kichwa wakisikia habari ya gundi. Kwa sheria za soko, kadi iliyogundishwa mgongoni imeanguka daraja. Imo humo hata kadi ya Wagner. Ukihesabu kwa dola, fundi yule alijiharibia utajiri kwa brashi yake mwenyewe. Nasi hatusemi kwamba gundi ni njia njema ya kutunza karatasi. Wahifadhi wa siku hizi wana njia zilizo bora zaidi, nao hawangemfuata katika hilo. Lakini tukumbuke kwamba alikuwa akizipanga kadi ili zikae pamoja na zisomwe pamoja, wala hakuwa akizipanga ziuzwe. Kadi iliyobandikwa katika albamu ya makumbusho, yenye namba na jirani zake, haikuweza tena kutiwa mfukoni kwa urahisi, wala mkusanyo haukuweza kutawanywa kwa warithi ishirini. Katika mizani yake kulikuwa na daraja moja tu: je, kadi imo au haimo?

Alikuwa anashindana na mwili wake, naye alilijua hilo. Hapakuwa na uhakika kwamba angefika mwisho, na kama asingefika, maelfu ya kadi zingebaki katika maboksi bila mtu wa kuzitambua. Tarehe 10 Januari 1963 alibandika ya mwisho. Jioni ile aliwaaga watumishi wa chumba kile, akavaa koti lake kwa taabu, akawaarifu kwamba hatarudi tena. Siku ya pili yake aliingia hospitali. Alifariki tarehe 13 Machi 1963, miezi miwili baada ya kumaliza, akazikwa kwao Central Square.

Hayo ndiyo maisha ya Jefferson Burdick. Albamu zake zingali katika makumbusho yale, sehemu yake huonyeshwa kwa zamu, na watu wanaochunguza historia ya uchapaji, ya mavazi, ya biashara na ya michezo huzitumia.

Sasa tulijibu swali la msomaji. Sisi watu wa visiwani nasi tunazo karatasi zetu. Tunazo stempu za mwaka 1964 zilizopigwa chapa ya neno Jamhuri juu ya stempu za zamani. Tunazo picha za posta zilizopigwa na studio za Gomes na Coutinho katika mitaa ya Mji Mkongwe. Tunazo tiketi za meli zilizokwisha kuzama au kuuzwa, matangazo ya taarab, vyeti vya skuli, risiti za karafuu, karatasi za viberiti, na barua za mabaharia waliokaa ughaibuni. Vingi kati ya hivyo vimo katika masanduku ya wazee wetu, chini ya vitanda. Hewa yetu ya joto na unyevu wa chumvi haina huruma na karatasi, na ukungu, mende na mchwa hawangoji mtu apate nafasi. Kila nyumba inayofanyiwa matengenezo, kila mirathi inayogawanywa, kuna fungu linalokwenda jaani.

Kwa wananchi wenzetu twasema hivi. Kabla hujatupa, tazama. Usikate kingo zilizochakaa, usipake rangi palipofifia, wala usifute jina lililoandikwa mgongoni, kwa kuwa jina hilo huenda likawa na thamani kuliko picha ya mbele. Weka karatasi mahali pakavu, mbali na jua na mbali na sakafu. Na muhimu kuliko yote, andika pembeni, katika karatasi nyingine, kitu hiki ni nini, cha nani, na cha mwaka gani. Mzee anayejua akishaondoka, hakuna kioo cha kukuzia kitakachokwambia.

Na kwa ndugu zetu watumishi wa Serikali, hususan walio katika makumbusho, maktaba na Nyaraka za Taifa pale Kilimani, tuna neno moja. Katika kisa hiki watu wawili ndio waliofanya kazi. Mmoja ni mgonjwa aliyekusanya, na wa pili ni ofisa aliyefungua mlango. Mayor hakumtaka Burdick alete shahada ya historia, wala hakumzungusha kutoka ofisi hadi ofisi. Alimpa meza, kiti, gundi na ruhusa ya kuingia kila siku. Haikugharimu sana. Lau angemjibu kwamba arudi wiki ijayo, leo wanachuoni wa Marekani wangekuwa wakizitafuta kadi zile moja moja katika minada, kwa bei ambazo hakuna makumbusho yawezayo kuzilipa.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Karatasi huoza, na tumeshaziona zikioza. Siku atakapokuja mlangoni kwenu mzee na sanduku lake la bati, anahema kwa ngazi alizopanda, akiuliza kama kuna mtu wa kuyatazama aliyoyaleta, tafadhalini mpeni kiti kwanza, kisha fungueni sanduku pamoja naye.